Breki ya Mbele na Historia ya Kozi ya Pikipiki

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, pikipiki ilichukuliwa kuwa chombo ambacho mtu hujifundisha mwenyewe. Uingereza, nchi iliyoziuza pikipiki zake dunia nzima, mtu aliweza kununua mashine, akabandika alama ya L mbele na nyuma, akaingia barabarani siku hiyo hiyo. Mwaka 1961 wanafunzi walizuiwa kuvuka injini ya cc 250, lakini mafunzo yakabaki hiari. Hata mtihani ulikuwa kichekesho: msahili alisimama kando ya barabara, mtahiniwa akazunguka mitaa na kurudi, na breki ikapimwa kwa msahili kujitokeza ghafla mbele yake. Aliyoyafanya mtahiniwa nyuma ya majengo aliyajua yeye na Mungu wake.

Kasoro ya utaratibu huo haikuwa ulegevu peke yake. Ulichukulia kwamba anayejua kuiendesha pikipiki atajua pia kuisimamisha, na hayo ni mambo mawili. Klachi na gia mtu atajifunza mwenyewe, maana akikosea injini huzimika naye akawasha tena. Breki ya dharura haimpi nafasi hiyo. Ushahidi wa jambo hili ulikusanywa Los Angeles, ambako Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 kwa kufika kwenye matukio yenyewe, wakachapisha matokeo mwaka 1981. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki. Linalonigusa zaidi ni yale waliyofanya kabla ya kugongana. Kwa kawaida mwendeshaji alikuwa na chini ya sekunde 2 za kujiokoa, na katika muda huo aliibana breki ya nyuma hadi tairi likaburuzika, huku ile ya mbele akiitumia kidogo mno. Na ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa pikipiki inapokatishwa mwendo uzito wake huhamia huko.

Mtu anaweza kuuliza: kama wengi barabarani hawakufunzwa, hiyo 92 inathibitisha nini? Watafiti walilifikiria hilo. Waliwahoji waendeshaji wengine 2,310 waliokuwa wakipita kwenye maeneo ya ajali, na wasiofunzwa wakaonekana wengi zaidi miongoni mwa walioumia kuliko miongoni mwa wapita njia. Uingereza nayo hatimaye iliachana na hiari, ikalazimisha kozi ya wanaoanza Desemba 1990: kwanza uwanja na koni, kisha saa 2 au zaidi barabarani, mkufunzi akifuata nyuma na kusema kwa redio. Hakuna mtihani, mkufunzi akiridhika anatoa cheti.

Pingamizi zito zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 2010 mapitio ya Cochrane, shirika la utafiti wa afya, yalikusanya tafiti 23 kuhusu mafunzo ya pikipiki, yakashindwa kusema kama mafunzo hayo yanapunguza ajali. Nakubali, na sitaisifu kozi ya Uingereza kwa vifo vilivyopungua miaka yake ya mwanzo, maana pikipiki zenyewe pia zilipungua. Lakini mapitio yalikwama kwa sababu tafiti nyingi zilikuwa dhaifu, na hilo halimaanishi kwamba mafunzo hayafai kitu. Tena kozi ya siku moja haiwezi kujenga mazoea. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba mara ya kwanza mtu anapoibana breki ya mbele kwa nguvu, hakuna lori mbele yake.

Kwetu Afrika Mashariki, bodaboda ilianza na baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Kenya ilipoziondolea VAT pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana waliingia kazini kwa wingi, wengi wakifundishwa na wenzao kijiweni. Wosia unaorithishwa huko ni kwamba breki ya mbele usiiguse, itakurusha. Kwenye mchanga una ukweli. Kwenye lami kavu unarithisha kosa lile lile la Los Angeles. Watasema dereva anayepeleka hesabu kila jioni hana siku ya kupoteza akizunguka koni. Ni kweli, ila gharama ya siku hiyo si lazima iwe yake. Mwenye pikipiki ndiye anayetaka chombo chake kirudi kizima, kwa hiyo siku hiyo moja aisamehe hesabu.