Taa ya Bukoba na Pini ya London

Msimu wa Novemba, Bukoba na Muleba huwasha taa kali usiku, mabati yakiegemezwa juu ya mapipa, na senene huparamia na kuteleza ndani. Anayewachambua asubuhi hahitaji kitabu: rangi, ukubwa na msimu vinamtosha kujua nani aende kikaangoni na nani atupwe. Ujuzi huo haukutokana na ulaji peke yake. Zamani kwa Wahaya wanawake ndio waliokusanya senene, na mwiko ukawakataza kuwala.

Taa humvuta pia mdudu mwembamba wa kijani, macho ya dhahabu, mabawa angavu yenye mishipa kama wavu. Ni wa familia ya Chrysopidae. Lava wake hula vidukari, hivyo ni rafiki wa mkulima, lakini kikaangoni hana nafasi, basi hupita bila kuangaliwa mara mbili.

Makumbusho hushika njia nyingine: spishi haitambuliwi rasmi mpaka awepo mdudu mmoja wa rejea, kwa kawaida mfu, pini mwilini na lebo chini yake. Mwaka 2011 Guek Hock Ping alimpiga picha mmoja wa familia hiyo huko Selangor, Malaysia. Shaun Winterton, mtaalamu aliyekuwa California, aliiona mtandaoni akashindwa kumtambua. Picha haikutosha. Ilibidi Guek amnase mwingine, apelekwe kwa Stephen Brooks wa Makumbusho ya Historia Asilia, London, na humo akakutwa mwenzake aliyehifadhiwa bila jina. Mwaka 2012 akaitwa Semachrysa jade. Naupenda ukaidi huo, kwa kuwa anayebisha anaweza kwenda kumkagua mdudu mwenyewe.

Sokoni senene wa kijani na wa kahawia ni wawili. Kwa wataalamu, wote ni Ruspolia differens. Hapo pini imeshinda. Lakini W. J. Bailey, aliyechunguza jamii ya Ruspolia nchini Uganda miaka ya 1970, alilazimika kusikiliza milio ya madume ili kutenganisha spishi zinazofanana. Chrysoperla carnea naye, wa familia ileile ya Chrysopidae, aliyepewa jina na Stephens mwaka 1836, alidhaniwa ni spishi moja iliyoenea mabara kadhaa. Mtafiti Charles Henry alipopima mitikisiko ya tumbo ambayo dume na jike hupelekeana kupitia jani, zikajitokeza spishi nyingi, na baadhi yake hata mtaalamu hawezi kuzitenganisha akiwa na mdudu mkavu tu mkononi.