Nani anashika kitabu nyumbani?

Wasomi wenzangu, twende kwanza London, miaka ya 1660. Samuel Pepys na bibi yake Elisabeth walikuwa wanasomeana kwa sauti. Macho ya bwana yalipoanza kumuuma, bibi ndiye alimsomea. Iliwezekana juu wote wawili walijua kusoma.

Kwetu Kongo, mwaka 1945 gazeti La Voix du Congolais lilianza, kwa Kifaransa. Lakini shule za ukoloni zilifundisha Kifaransa zaidi vijana wanaume. Wasichana wengi walibakia na kushona na kupika. Basi bibi aliyetaka habari za gazeti alingojea mdomo wa bwana. Na anayesoma ndiye anachagua ukurasa wa kuruka.

Ndugu, ukimsomea mama barua hapa Bunia, soma yote. Kisha mufundishe, ya kesho asome mwenyewe.