Steshenwagoni za Marekani na Mapenzi ya Waaustralia

Wadau, leo tuweke tarakilishi kando tuongee magari. Lakini mnanijua, lazima nitarudi kwenye programu.

Steshenwagoni sisi Wakenya tunaijua: ile Peugeot 504 ya viti safu tatu iliyotupeleka ushago. Jina lenyewe lilitoka Marekani, kwa magari yaliyobeba watu na mizigo yao kutoka stesheni ya treni. Mwaka wa 1929 Ford ilianza kuyatengeneza kwa wingi kwa kutumia Model A, bodi ikiwa ya mbao. Baada ya Vita Kuu ya Pili mbao ikapisha chuma.

Sasa twende Australia. Mwaka wa 1960 Ford ilichukua Falcon ya Marekani, ikaweka usukani kulia na kuanza kuiunda Melbourne. Steshenwagoni yake ilitoka mwaka huohuo. Barabara mbovu za huko ziliitesa vibaya; boljointi za mbele zilikuwa zikivunjika. Aliyewahi kutumia toleo la kwanza la programu yoyote anaelewa! Wahandisi walirekebisha toleo baada ya toleo. Mwaka wa 1965 Falcon XP kadhaa zilikimbizwa mchana na usiku katika uwanja wa majaribio wa You Yangs, jumla ya maili 70,000, kwa wastani wa zaidi ya maili 70 kwa saa. Wanunuzi wakaamini. Chrysler nayo ilikuwa na Valiant Safari.

Kwa hiyo mtoto wa Australia alikulia kwenye buti la gari lenye damu ya Kimarekani. Nadhani ndiyo sababu akikua anatamani lile kubwa zaidi: Chevrolet Nomad ya 1955, au Ford Country Squire yenye injini ya V8 na ubavu uliopambwa kama mbao.

Hamu hii ina uzito zaidi leo, kwa sababu yale ya nyumbani yamekwisha. Ford ya Australia iliacha steshenwagoni ya Falcon mwaka wa 2010, ikafunga kiwanda 2016. Holden ikafuata 2017. Marekani kwenyewe Buick Roadmaster, mojawapo ya zile kubwa za mwisho, iliishia 1996.

Kuleta moja Australia si mchezo. Asbesto imepigwa marufuku huko tangu mwisho wa 2003, kwa hiyo breki na gasketi za zamani zenye asbesto lazima zitolewe kabla gari halijasafirishwa. Halafu kuna usukani. Gari la miaka 30 au zaidi kwa kawaida linaruhusiwa kubaki na usukani wa kushoto. Changa zaidi huhamishwa. Kuuhamisha ni kukata dashibodi, kusogeza pedali, breki na waipa.

Hapa mimi nina msimamo. Ni kama kuhamisha programu kwenye mfumo mwingine: inafanya kazi, lakini ya asili haipo tena. Kweli, ukiwa kushoto nyuma ya lori huoni mbele ya kulipita. Hata hivyo, kama sheria inakuruhusu, usilikate. Viwanda vimefungwa, gari ambalo halijaguswa ndilo msimbo chanzo uliobaki.

Kwetu Kenya gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo zile 504 zilizobaki ndizo zetu. Nani bado ana moja?