Sikio na Noti: Jinsi Taarabu Ilivyofundishwa Unguja

Taarabu ya Unguja ilianzia kwenye kasri la mfalme. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, aliupenda muziki wa Misri, na inasimuliwa kwamba alimpeleka Mzanzibari Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Aliporudi akawafundisha wenzake. Hivyo muziki unaohesabiwa leo kuwa wa asili ya visiwani ulikuwa na somo kwenye mizizi yake. Waliofuata ndio walioupokea kwa sikio.

Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda klabu ya Ikhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka Misri. Klabuni mafunzo hayakutegemea vitabu vya muziki. Mwanagenzi alikaa karibu na mkongwe, akatazama vidole, akasikiliza, kisha akajaribu. Alikosolewa papo hapo, na maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama Rast, Bayati na Hijaz aliyajua kwa kuyaimba na kuyapiga mara kwa mara. Mafunzo hayo hayakuwa na cheti, lakini yalikuwa na mwalimu, utaratibu na adabu yake.

Siti binti Saad alipitia njia hiyohiyo. Alizaliwa Fumba yapata 1880, akaingia mjini karibu na 1911. Hakujua kusoma wala kuandika, na sauti yake ilikuwa kipaji alichojaliwa. Hata hivyo, Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa ndiye aliyemfundisha uimbaji wa taarabu. Mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay, na nyimbo za Kiswahili zikaenea pwani nzima. Kipaji kilimfikisha mlangoni. Mafunzo yalimpa namna ya kukitumia mbele ya kundi la ala.

Nje ya klabu kulikuwa na kidumbaki, muziki wa harusi za mitaani na mashambani, wenye ngoma mbili ndogo, fidla, vijiti vya mkwasa na besi ya sanduku. Mpigaji wake hudaka nyimbo za taarabu alizozisikia, akaziunganisha mfululizo huku wachezaji wakimhimiza. Wapigaji kadhaa wa taarabu walianzia huko, na wepesi wa kufuata wimbo bila kuandaliwa wakaupata huko.

Mwaka 2002 kilifunguliwa Mji Mkongwe Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, katika jengo la forodha ya zamani. Kiliingiza noti, nadharia na mitihani, kikawaajiri pia wakongwe waliojifunza kwa sikio. Hapo ndipo swali la faida na hasara za mafunzo rasmi lilipojitokeza wazi.

Hasara inatokana na maumbile ya noti zenyewe. Mfumo wa Ulaya umejengwa juu ya nusu toni, ilhali baadhi ya maqam yana sauti zilizo katikati ya hizo, zinazohitaji alama za ziada. Tena, katika taarabu fidla, udi na kanuni hufuata lahani moja, lakini kila mpigaji huipamba kwa namna yake. Karatasi hubeba mifupa ya lahani tu. Anayeisoma bila kuwa amewasikia wakongwe hupiga sawasawa kabisa, na utamu usiwepo.

Faida nazo ni kubwa. Wimbo ulioandikwa haufi na aliyeukumbuka, na mpigaji anayesoma noti huweza kushirikiana na wanamuziki wa mataifa mengine. Lenye uzito zaidi, darasa liliwafungulia njia watu ambao zamani hawakuwa na pa kukaa. Kujifunza kwa sikio kulidai nafasi kando ya mkongwe, na upande wa ala nafasi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya wanaume, huku wanawake wakiimba. Chuoni wasichana walishika udi, fidla na kanuni. Tausi, kundi la taarabu la wanawake lililoanzishwa na Mariam Hamdani, liliwaweka wanawake kwenye ala vilevile.

Historia hiyo inaonyesha kwamba Unguja haikuwahi kuwa na kipaji kilichokua bila kufunzwa. Kilichobadilika ni mahali pa somo na anayeruhusiwa kuliingia. Noti zilipowekwa juu ya sikio lililokwisha kunolewa, ziliongeza uwezo wa mpigaji. Zilipochukua nafasi ya sikio, zilipunguza kile kinachofanya taarabu ipendwe.