Moyo unapodhoofika, akili ya mzee huathirika vipi?

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Kizuka hadi mjini Rumonge, mzee anapoanza kurudia swali alilojibiwa punde, au kushindwa kutaja majina ya wajukuu zake, jamaa zake husema ni uzee tu. Wapo pia wanaoshuku kuwa ametupiwa jambo. Ni nadra kwa familia kuuliza hali ya moyo wake, ingawa tafiti za miongo ya karibuni zinaonyesha kwamba kwa wazee wengi njia ya kupoteza kumbukumbu huanzia kwenye moyo na mishipa ya damu.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili huhitaji ukiwa umepumzika. Hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache, chembe zake huanza kufa. Ikipungua kidogo kidogo kwa miaka mingi, madhara huja polepole kiasi kwamba hakuna anayeweza kutaja siku yalipoanza.

Katika eneo letu la Afrika, chanzo kikubwa ni shinikizo la damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia wagonjwa 1,006 wenye tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulibaini kuwa shinikizo la juu lilikuwa sababu kwa karibu asilimia 45 yao. Kuziba kwa mishipa ya moyo, ugonjwa unaotajwa zaidi Ulaya na Marekani, kulichangia chini ya asilimia 8. Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 52, umri ambao mtu bado anategemewa kulea na kulipa karo.

Jambo hilo lina uzito wake Rumonge, ambako mashamba ya michikichi ni uti wa mgongo wa uchumi na mawese hutiwa karibu katika kila sufuria. Ni kweli kwamba takriban nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoongeza lehemu katika damu, na si busara kuyatumia bila kipimo. Hata hivyo, anayeyalaumu mawese peke yake na kusahau chumvi, pombe, sigara na shinikizo ambalo halijawahi kupimwa, anamfuata mshukiwa mdogo na kumwacha mkubwa aende zake.

Shinikizo la juu hudhuru kwanza mishipa midogo sana iliyo ndani kabisa ya ubongo. Kuta zake, zikipigwa kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, huwa nene na ngumu, na nafasi ya damu kupita hupungua. Sehemu ndogo za ubongo hufa moja baada ya nyingine. Madaktari huviita viharusi vya kimya, kwa kuwa mdomo haupindi wala mkono haulegei. Kinachoharibika zaidi ni nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, na ndiyo maana dalili ya mwanzo huenda isiwe kusahau kabisa. Mama aliyeuza ndagala miaka 30 anaweza kukumbuka vyema bei ya msimu uliopita, lakini akashindwa kuhesabu madeni ya wateja watatu kwa wakati mmoja. Mvuvi anaweza kuwatambua wenzake wote ufukoni, ila akachukua muda mrefu mno kuamua nyavu zipi zitangulie kupakiwa. Fikra huwa nzito na mwendo hufupika. Mara nyingi mtu huyo huitwa mvivu au mkaidi.

Moyo uliochoka nao huleta shida yake. Usiposukuma damu ya kutosha, ubongo hupata pungufu, na mgonjwa hukosa umakini. Hapo hutokea mzunguko mbaya: tiba ya moyo huhitaji vidonge vya aina kadhaa kila siku, na anayetakiwa kuvikumbuka ni yule yule ambaye kumbukumbu yake imeanza kumtoka. Akiruka siku mbili tatu, miguu huvimba, pumzi hukatika akilala, na akirudishwa hospitalini huonekana kama aliyepuuza maagizo.

Njia nyingine ni mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kukaza, damu hutuama na kuganda, na bonge likichomoka huweza kupanda hadi ubongoni. Hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5. Imehusishwa pia na kudhoofika kwa akili hata kwa watu wasiojulikana kuwahi kupata kiharusi. Afrika Mashariki na Kati, mapigo hayo huweza kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, yakaharibu vali za moyo, na athari zake zikajitokeza miaka mingi baadaye.

Ukubwa wa tatizo vijijini umechunguzwa vizuri wilayani Hai, kaskazini mwa Tanzania. Miongoni mwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kiwango cha dimenshia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kilikadiriwa kuwa asilimia 6.4. Katika wilaya hiyo hiyo, takriban wazee 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na ni wachache tu ambao lao lilikuwa limedhibitiwa. Watafiti wa Hai walitengeneza pia kipimo kinachomfaa mtu asiyewahi kushika kalamu: mzee huombwa kupanga njiti za kiberiti kwa umbo analoonyeshwa, kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na kukumbuka maneno aliyosomewa awali. Vipimo vya zamani, vinavyodai kuandika sentensi na kuchora saa, vingeweza kumtangaza mgonjwa mzee mwenye akili timamu kwa kosa la kutosoma shule.

Je, kutibu shinikizo kunailinda akili? Utafiti wa Marekani uliohusisha zaidi ya watu 9,300, ambao matokeo yake kuhusu akili yalitoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba kulishusha shinikizo la juu chini ya 120, badala ya kuridhika na 140, kulipunguza visa vya udhaifu wa awali wa fikra kwa asilimia 19, ingawa kwa dimenshia yenyewe tofauti haikuwa dhahiri. Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa vijiji ulitoka China mwaka 2025. Katika vijiji 326 vyenye washiriki karibu 34,000, wahudumu wa afya wa kijijini, wakisimamiwa na madaktari, waliwapatia watu dawa na kuwafuatilia kwa miaka 4. Visa vya dimenshia vilipungua kwa asilimia 15. Kilichohitajika ni kifaa cha kupimia shinikizo, vidonge vya bei nafuu na mtu wa kurudi mlangoni.

Kwa familia, ni muhimu kutofautisha hali mbili. Usahaulifu unaokua kwa miezi unaweza kungoja siku ya kliniki. Mzee aliyekuwa sawa asubuhi na jioni akachanganyikiwa, akashindwa kutamka maneno, au mdomo ukapinda, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hali imetulia njiani.

Mwenye vali zilizoharibika na mapigo yasiyo na mpangilio bado hufaa kutumia wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda. Utafiti wa mwaka 2022 wa wagonjwa zaidi ya 4,500 uliiona kuwa bora kwao kuliko mojawapo ya dawa mpya. Inahitaji damu kupimwa mara kwa mara, na nguvu yake hupunguzwa na vitamini K iliyomo katika mboga za majani. Hii haimaanishi kuacha lengalenga au sombe. Mgonjwa ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na amweleze daktari anayempangia dozi kabla ya kubadili mlo.