Ping ya jirani inashika, intaneti kimya? Cheki kama draiva yako ya Linux inajua geti

Buda, umekesha ukiandika draiva ya Linux ya kifaa chako cha redio. Uki-ping 10.0.0.2, jirani anajibu fiti. Uki-ping 8.8.8.8, kimya. Ukiandika ip route get 8.8.8.8, unaona vizuri geti ni 10.0.0.1. Sasa shida iko wapi?

Unatafuta geti mahali haijawahi kuwa. Paketi ikifika kwa ndo_start_xmit, ile fanksheni yako ya kutuma, IP iliyo ndani ni ya mwisho wa safari, 8.8.8.8. Ile 10.0.0.1 haijaandikwa hapo. Ni kama kutuma mzigo Kisumu na basi za River Road. Kwa katoni unaandika jina la mtu wa Kisumu, lakini mzigo unampea msee wa ofisi. Jina lake haliandikwi.

Kwa Etherneti, hiyo kazi ya "nampea nani" inaisha kabla draiva iguse kitu. Kerneli inachagua njia, inauliza kwa ARP 10.0.0.1 ni nani, halafu inaweka MAC ya geti mbele ya paketi. Draiva inarusha tu. Kama kifaa chako kinaweza kujifanya Etherneti, maze chukua hii njia, utalala.

Redio yako haina MAC? Basi pengine draiva inachukua IP ya mwisho na kuitafuta kwa jedwali lako la majirani. 8.8.8.8 haimo, paketi inatupwa. Dawa ni kuuliza njia yenyewe. skb_rtable(skb) inakupea njia iliyochaguliwa. Ipeleke kwa rt_nexthop() pamoja na IP ya mwisho, itakurudishia IPv4 ya kituo kinachofuata: geti kama iko, ama huyo jirani mwenyewe. Hiyo ndiyo unatafuta kwa jedwali.

Hapa sasa ndio wasee huanguka. Kwa kawaida kerneli huachilia hiyo njia kabla paketi ikufikie, unabaki na NULL. Ita netif_keep_dst(dev) ukiandaa kifaa. Na bado cheki NULL, juu paketi za soketi za AF_PACKET zinaweza kuja bila njia.

Na usithubutu kuandika 10.0.0.1 juu ya 8.8.8.8 ndani ya paketi. Geti itadhani ni yake, na haitaipitisha mbele.