Toba katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la Kikristo lililojulikana hasa kwa toba ya hadharani. Chimbuko lake ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, na katika miaka ya 1930 na 1940 lilienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake, Walokole, hawakuunda dhehebu. Wengi walibaki katika makanisa yao, hasa la Anglikana.

Mwaka 1929 Joe Church, daktari wa hospitali ya Gahini, alikutana Kampala na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alihubiri Gahini hadi karibu na kifo chake Januari 1936. Burundi ujumbe ulipitia vituo vya misheni kama Matana na Buhiga.

Katika mikutano yao mtu husimama na kuitaja dhambi yenyewe: fedha alizoiba, mke wa mtu, kinyongo na jirani. Akimaliza, wenzake humwitikia kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, hata pale ambapo Kiganda hakisemwi. Kisha hutakiwa kurudisha alichoiba na kumfuata aliyemkosea hadi nyumbani kwake.

Unyenyekevu, kwa Walokole, si upole wa sauti wala kuinamisha kichwa. Ni kuvunjika: kukubali kujulikana jinsi mtu alivyo. Kwa hiyo wamisionari Wazungu walikiri kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo zito zama za ukoloni. Watutsi na Wahutu wakaombana radhi, na waume wakawaomba wake zao msamaha. Kenya, wakati wa uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni, Walokole wengi walikataa kiapo cha waasi, na baadhi wakakataa pia bunduki za serikali.

Hata hivyo, aliyetubu huweza kugeuka hakimu wa asiyetubu. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwemo mhubiri wa uamsho William Nagenda, baada ya mvutano kuhusu mahubiri na maombi yao ya alfajiri. Wakubwa wa kanisa waliwaona wajeuri. Walitia chumvi, lakini lawama hiyo haikukosa msingi.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa kwingine. Toba ya mtu mmoja mmoja iliuweza wizi na uzinzi, ila haikuwa na njia ya kukiri maovu ya dola na ya kundi zima. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 na ya Rwanda ya mwaka 1994 yalitokea katika nchi ambazo uamsho ulikuwa umepita. Wapo waumini waliowaficha majirani zao, wapo walioua. Njia ya kukiri maovu kama hayo ilikuja kutafutwa nje ya uamsho: Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilipoundwa mwaka 2014, makamu mwenyekiti wake alikuwa Bernard Ntahoturi, Askofu Mkuu wa Anglikana na askofu wa Matana, pale pale ambapo ujumbe wa uamsho ulikuwa umepitia.